Binti kaitwa skuli ya serikali, majirani wasema praiveti: mama wa Mtopanga auliza

"Asalaam aleikum mwalimu. Binti yangu ana miaka 15, amemaliza gredi ya 9 na kapata pointi 47 kati ya 72. Mkondo wake ni STEM, yaani sayansi, teknolojia na hisabati, anataka bayolojia, kemia na fizikia manake ndoto yake ni ufamasia. Ameitwa skuli ya serikali ya wasichana, ya kutwa, iko kisiwani Mombasa, na sisi twakaa Mtopanga. Hapa karibu na nyumbani kuna praiveti, dakika kumi kwa miguu, wamesema watamchukua kwa 45,000 kila muhula. Ile ya serikali nimeambiwa chakula cha mchana ni 6,500 kwa muhula na nauli itakuwa kama 150 kwa siku kwenda na kurudi. Babake ni dereva wa trela, kuna mwezi anapiga safari nne, kuna mwezi anapiga moja. Ana wadogo zake wawili nyuma. Majirani wote waniambia nisimpeleke serikali, ati watoto waharibika, walimu hawafundishi, muguka, yale majani ya kutafuna, yauzwa nje ya geti. Mume wangu asema serikali na basi. Binti mwenyewe kanyamaza. Nimechanganyikiwa, nisaidie."

Waaleikum salaam mama. Nimelisoma swali lako mara mbili na kilichonishika si pesa wala muguka, ni yale maneno matatu ya karibu na mwisho, binti mwenyewe kanyamaza. Ntayarudia, lakini wacha kwanza nikutoe wasiwasi kwenye yale ya majirani, manake hapo ndo umefungwa.

Nikwambie natokea wapi usije ukadhani nina upande. Nimefundisha kemia miaka kumi na moja serikali, alafu sita praiveti, zote hapa hapa Pwani, na sasa kazi yangu ni kukaa na wazazi kama wewe tukipiga hesabu za skuli. Mazuri nimeyaona kote na madudu nimeyaona kote.

Unavyoniuliza ni kama serikali ni kitu kimoja na praiveti ni kitu kimoja. Si hivyo. Hapa Mombasa ukisema praiveti umeitaja Aga Khan Academy, ilofunguliwa 2003 na inafundisha mtaala wa IB wa kimataifa, na kwa neno hilo hilo umeitaja na nyumba ya ghorofa mbili ilopakwa rangi ya samawati mwaka jana na kutundikwa bango la watoto wanaocheka. Ukisema serikali umezitaja Shimo la Tewa, Mama Ngina na Allidina Visram, na umeitaja pia skuli ya kutwa ya mtaani yenye maabara moja na walimu nusu wa wale inaowahitaji. Sasa majirani wako wakikwambia "praiveti ni bora" mimi ntauliza ipi, na ni bora kuliko ipi. Wewe una skuli mbili mkononi, zilinganishe hizo mbili, mambo ya ukoo mzima wa praiveti na ukoo mzima wa serikali waachie watu wa barazani.

Haya, matokeo. Nna hakika hio praiveti ina bango getini lenye wastani umeandikwa kwa namba kubwa. Wacha nikufungulie jinsi hio namba inavyopikwa, na sisemi ni wizi, ni hesabu tu. Chukua skuli yenye watahiniwa 28 wa KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne, wastani wao ni pointi 7, yaani C+. Ukijumlisha pointi zote unapata 196. Sasa katika hao 28 kuna sita wenye D, pointi 3 kila mmoja, jumla 18. Mwalimu mkuu akiwaita wazazi wa hao sita mwaka mmoja kabla ya mtihani, akawaambia kwa upole "mwanenu angefaa pengine", wakaondoka, hesabu inabaki 178 kwa watoto 22, wastani unapanda mpaka 8.09, tayari ni B-. Hakuna mtoto hata mmoja alofundishwa vizuri zaidi pale. Bango litasema skuli imepanda gredi nzima. Skuli kubwa ya serikali yenye watahiniwa 240 haiwezi kucheza mchezo huo kirahisi, inabeba wote ilopewa na wizara, wazuri na wazito. Na hata zile za serikali zenye majina makubwa nazo zina upepo wao, zinapokea watoto walokuwa tayari wako juu, alafu miaka ikipita twashangaa wametoka juu. Mtoto wa pointi 68 kati ya 72 hata ukimfundishia chini ya mwembe atakutoa aibu.

Binti yako ana 47 kwa masomo tisa, yaani wastani wake ni kama 5 kwenye ile mizani ya 1 mpaka 8. Ni mtoto wa katikati, na mimi napenda watoto wa katikati, ndo wanaoonyesha skuli inafanya kazi ama haifanyi. Kwa hivyo ukienda kuuliza, usiulize "mlipata A ngapi". Uliza alieingia na alama za katikati alitoka na nini. Wakikujibu moja kwa moja, wana daftari, wanakuonyesha, hio ni skuli. Wakianza kukutajia yule mmoja aliekwenda kusomea udaktari, umeshapata jibu.

Alafu kuna jambo ambalo sijui kwa nini watu hawalisemi: hakuna skuli Kenya nzima, iwe ya serikali au praiveti, yenye matokeo ya gredi ya 12 ya mtaala huu mpya. Kundi la kwanza la gredi ya 10 liliingia Januari 2026 na litamaliza gredi ya 12 mwaka 2028. KCSE ya mwisho ni 2027. Mabango yote unayoyaona ni ya mfumo wa zamani wa 8-4-4, miaka minne, mtoto anabeba masomo saba nane. Binti yako atakuwa na masomo ya lazima, Kiingereza, Kiswahili, hisabati na huduma kwa jamii, alafu yale matatu yake ya mkondo. Skuli ilokuwa hodari kukaririsha historia na dini na biashara si lazma iwe hodari kumfundisha msichana kupima asidi kwa bureti. Kwa hivyo lile bango ni la safari nyingine, yeye anaenda safari nyingine.

Kwa kombinesheni yake maabara ndo kila kitu, na hapa ntakaa kidogo manake ndo taaluma yangu. Kila skuli itakwambia ina STEM. STEM ni neno pana, ndani yake kuna kilimo, kuna kompyuta, kuna sayansi ya nyumbani, kuna za ufundi. Wewe uliza kama wana bayolojia na kemia na fizikia kwa mtoto mmoja, na nani anafundisha kila moja, kwa majina. Skuli ndogo hubana, utaambiwa fizikia mwalimu "anakuja", ama watoto watatu tu ndo wamechagua kwa hivyo wataunganishwa na skuli nyingine. Alafu omba kuingia maabara, na ukiingia usiangalie ukutani kwenye zile chati, fungua mfereji uone maji yatoka ama yatoka hewa. Angalia vioo kama vina vumbi. Mimi nishawahi kumsindikiza mzazi kwenye praiveti moja, maabara yang'aa, meza za granaiti, nikavuta droo nikakuta risiti za karo za miaka mitatu nyuma na paketi ya chaki. Kemikali zote zilikuwa kwenye kabati moja la futi mbili na nyingine zimepitwa na wakati. Na upande wa pili nilipokuwa serikali nilikuwa na darasa la watoto 61, maji ya maabara yalikatika karibu muhula mzima, tukawa twabeba na jerikeni kutoka tangi la wapishi, watoto sita wakizunguka bureti moja, mmoja anapima watano wanachungulia. Wale watano hawakujifunza kupima, walijifunza kuchungulia, na siku ya mtihani wa vitendo ilionekana. Sasa unaona, hata moja kati ya hizo isingekufaa, na moja ilikuwa praiveti na moja serikali.

Walimu. Ile ya "serikali hawafundishi" ina chembe ya ukweli na gunia la chumvi. Skuli ya serikali ina walimu wa aina mbili, wale wa TSC, yaani tume ya serikali inayoajiri walimu, na wale wa bodi ya skuli ambao wanalipwa na hela zinazochangwa na wazazi. Wa TSC mshahara wake hautegemei karo yako, uzuri wake ni kwamba anakaa, utamkuta pale miaka kumi, ubaya wake ni kwamba akiwa mvivu pia utamkuta pale miaka kumi. Praiveti mwalimu akilegea anaondolewa, ndo maana unawaona mbio mbio, lakini wengi wao ni vijana wamejisajili TSC wanasubiri. TSC ikitangaza nafasi wanaondoka, na siwalaumu, kazi ya pensheni nani ataiacha. Kwenye praiveti moja nilofundisha, sitaitaja, mwaka mmoja tu darasa lile lile lilipata walimu watatu wa fizikia, kila mmoja akifika anaanzia mada ya mawimbi. Mwisho wa mwaka wale watoto walikuwa wanachora mawimbi vizuri kuliko mimi na umeme hawajaugusa. Kwa hivyo swali la kuuliza praiveti ni hili, mwalimu wenu wa kemia ana muda gani hapa, na aliemtangulia alikaa muda gani. Kwa serikali uliza walimu wangapi wa sayansi ni wa TSC na wangapi wa bodi, na bodi wanalipwa kwa wakati? Serikali hutakiwa kupeleka 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa skuli yake, lakini mara nyingi hazifiki zote na hazifiki kwa wakati, na zikichelewa wa kwanza kuumia ni mwalimu wa bodi.

Idadi ya darasa, ndio, praiveti watakuwa 25, serikali 50 na kitu, na ni tofauti ya kweli sikatai. Lakini udogo wa darasa unafaa pale tu mwalimu anapoutumia. Omba kuona daftari la mwanafunzi yeyote, si lile la prifekti. Tafuta wino mwekundu. Angalia tarehe ya mwisho ya kusahihishwa, na angalia kama ni alama ya vema tupu ukurasa mzima ama kuna mahali mwalimu kaandika neno. Nishaona darasa la watoto 20 ambapo daftari halijaguswa tangu Februari.

Sasa muguka. Mama, muguka hauna karo, haujui serikali wala praiveti. Mwaka 2024 kaunti yetu iliupiga marufuku, kesi ikaenda kortini, na wewe mwenyewe wajua vibanda viliishia wapi. Hatari kwa mtoto iko kati ya stendi ya matatu na geti, na iko kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni wakati mtu mzima hajui yuko wapi. Praiveti yenye watoto wenye pesa mfukoni na simu nzuri ina majaribu yake, tena mengine ya bei ghali. Nenda pale nje ya skuli zote mbili siku ya kawaida saa za kutoka, kaa kwenye duka la soda nusu saa, tazama. Waona wanaondoka kwa makundi au wanazagaa? Kuna mwalimu getini? Hio nusu saa itakwambia mengi kuliko kikao kizima na mwalimu mkuu.

Tuje kwenye hela. Watu wengi hufanya hesabu ya muhula mmoja, wewe fanya ya miaka mitatu. Praiveti ni 45,000 mara tisa, 405,000. Serikali chakula ni 6,500 mara tisa, 58,500. Nauli, nikikadiria siku 180 za skuli kwa mwaka, 150 mara 180 ni 27,000, kwa miaka mitatu 81,000. Jumla 139,500. Tofauti ni 265,500. Na hapo sijaweka kwamba vitabu vya kiada skuli ya serikali huletewa na serikali, praiveti wanunua mwenyewe, na sijaweka ada ya kuingia, na sijaweka blaza. Uliza kama blaza ni lazma, wapo wanaowavisha watoto blaza Mombasa hii mwezi wa Februari, sijui twamuiga nani.

Lakini namba inayonitia hofu si 405,000. Ni ile ya kwamba mwezi mmoja baba watoto anapiga safari nne na mwezi mwingine moja. Praiveti inaendeshwa na karo, karo isipoingia hakuna mshahara, kwa hivyo wiki ya tatu ya muhula majina yanasomwa na watoto wanarudi nyumbani. Serikali pia hufanya hivyo, tusidanganyane, lakini deni la 6,500 na deni la 45,000 si deni moja, la kwanza utalimaliza hata kwa kukopa kwenye chama. Msichana wa miaka 15 akisomwa jina lake mbele ya wenzake mara mbili kwa mwaka, na kila mara anakaa nyumbani siku nne tano, anakosa mada mbili za kemia na anapata kitu kingine kibaya zaidi, aibu. Nimeona watoto wazuri wakizimika hivyo. Na kubaya kuliko kote ni kumuanzisha praiveti alafu gredi ya 11 kumhamisha kwa kukosa karo, kule anakokwenda huenda kombinesheni yake haipo ama darasa limejaa. Kwa hivyo sheria yangu kwa familia ambazo kipato chake ni cha mawimbi, samahani kwa neno hilo, ni hii: usiingie praiveti kama huna karo ya mwaka mzima imekaa kando kabla ya siku ya kwanza. Si ya muhula, ya mwaka.

Na wale wadogo wawili? Wakifika gredi ya 10 watauliza mbona dada alikwenda pale.

Ile hofu nyingine ambayo hukuandika lakini kila mzazi huniuliza, kwamba akisoma praiveti hatapangiwa chuo na serikali, ama akisoma skuli ya kawaida chuo kikuu hawatamtaka. Yote si kweli. Kupangiwa vyuo kupitia KUCCPS, ile idara ya serikali ya kupanga wanafunzi, huangalia alama na masomo, jina la skuli haliingii kwenye hesabu. Na ufamasia una milango miwili, digrii ya miaka mitano ama diploma ya miaka mitatu kama ile ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, na milango yote miwili kwanza inaulizia sayansi zake, na kemia haikosekani. Kwa njia zote mbili ile 265,500 utaihitaji, tena pale ndo utaihitaji kweli.

Basi je, serikali haina gharama ya kuficha? Inayo, na ndo hii ambayo mume wako pengine hajaifikiria: barabara. Kutoka Mtopanga kwenda kisiwani asubuhi ni Kongowea alafu Daraja la Nyali, wewe wajua pale saa kumi na mbili na nusu panakuwaje. Ataamka saa kumi alfajiri, jioni makondakta humkwepa mwanafunzi manake analipa nusu, atafika nyumbani Magharibi ishaingia, kachoka, na kemia haisomwi ukiwa na usingizi. Ongeza madrasa ya Jumamosi na Jumapili, mtoto huyu atalala lini. Hili ndo jambo pekee ambalo kwangu lina nguvu upande wa ile praiveti ya dakika kumi, na lina nguvu sana, masaa matatu kwa siku kwa miaka mitatu si mchezo. Na usalama wa msichana barabarani gizani hilo halihitaji maelezo.

Lakini kabla hujalipa 405,000 kununua hayo masaa, kuna njia ya tatu haujaitaja. Skuli za serikali za kutwa upande wa Kisauni na Nyali zipo. Nenda ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, uliza ni zipi zina kombinesheni ya binti yako na zina nafasi, alafu uliza utaratibu wa kubadilisha skuli, huwa kuna kipindi cha maombi na mwalimu mkuu wa skuli unayoitaka lazma akubali kwamba ana nafasi. Usikubali mtu wa kati akwambie "nipe kitu kidogo ntakupitishia". Nimeona wazazi wamelipa na mtoto hajahama. Ukipata ya karibu, ile nauli ya 27,000 kwa mwaka inageuka kuwa tusheni ya hisabati wakati wa likizo na bado inabaki. Na wale watakaokwambia umtie bweni, karo rasmi ya bweni kwenye skuli za kundi la juu ni 53,554 kwa mwaka, rahisi kuliko hio praiveti yako, lakini hukuuliza bweni na mtoto wa kunyamaza simpeleki bweni kabla sijajua ananyamaza kwa nini.

Ulizia pia basari, za mfuko wa eneo bunge (NG-CDF) na za kaunti, kama bado zinatolewa. Jaza fomu mapema, na ujue kamati nyingi hutanguliza skuli za serikali, kwa hivyo usiingie praiveti ukitegemea basari.

Ukiniuliza mimi ningefanya nini, ntakwambia bila kuzunguka. Kwanza ningetafuta ya serikali iliyo karibu yenye kombinesheni hio na maabara yenye maji. Nikikosa, ningekwenda na ile ya kisiwani kama kuna njia ya kumfikisha salama, wasichana wengine wa Mtopanga wanaokwenda skuli ile ile, ama tuktuk ya kuchangiana wazazi watatu wanne, ama jamaa wa kisiwani anaeweza kukaa kwake siku za skuli. Praiveti ningeiweka ya tatu, na ningebadilisha mawazo kwa mambo mawili tu: babake apate ajira ya mshahara wa kila mwezi, ama hio praiveti inionyeshe mwalimu wa kemia aliekaa miaka minne na daftari lenye wino mwekundu wa wiki hii. Ukiichagua, hakikisha imesajiliwa, uliza namba yake ya kituo cha mtihani cha KNEC, baraza la mitihani, ama kama watoto hupelekwa kufanyia mtihani skuli nyingine, na mtoto ahamishwe rasmi kwenye mfumo wa wizara, asibaki jina lake liko kisiwani na mwili uko Mtopanga, hio itakuja kukusumbua wakati wa kusajili mtihani.

Sasa yule alienyamaza. Mtoto wa umri huu akinyamaza wazazi wakigombana kuhusu karo, mara nyingi anaogopa kuwa yeye ndo gharama. Mwengine ananyamaza manake ile STEM aliichagua mwalimu wake ama wewe, si yeye. Mwengine kuna kitu kilimtokea gredi ya 8 na hajasema. Haya matatu yana dawa tofauti na hakuna hata moja inayotibiwa kwa kuchagua skuli. Kama kunyamaza kwenyewe ni kwa swali hili tu na mengine anacheka na kula na kugombana na wadogo zake kama kawaida, zungumza naye tu. Lakini kama amepunguza kula, halali, kajitenga na marafiki, alama zilishuka ghafla, ama ukigusa neno skuli macho yajaa machozi, hapo usisubiri ushauri wa kusoma kwenye simu, mpeleke akaonane na mshauri ama daktari uso kwa uso. Akikwambia kuna mtu mzima alimgusa ama anamtisha, piga 116, ni bure, na uende polisi, wala usianzie kwa mwalimu mkuu. Na kama tatizo ni kwamba anajua jambo kwa mdomo lakini kwenye karatasi herufi zinamchanganya ama kusoma ni kwa taabu kubwa, omba ofisi ya elimu ikuelekeze kituo cha EARC, kile cha kupima watoto wenye shida ya kujifunza, apimwe, watoto kama hao hupewa msaada kwenye mtihani lakini lazma karatasi ziwepo mapema.

Siku ya kuzungukia skuli nenda naye, chukua siku ya katikati ya wiki, si ile siku ya wazazi ambayo kila kitu kimepigwa deki. Beba barua ya kuitwa, matokeo na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Swali lako kwake usimuulize sebuleni mbele ya babake. Muulize mkiwa kwenye matatu mnarudi, mmekaa ubavu kwa ubavu yeye upande wa dirisha, watoto wa umri huo husema wakiwa wanaangalia nje. Usimuulize wataka skuli gani. Muulize kwenye zile mbili ulizoziona leo, ni wapi uliona msichana ungependa kukaa naye deski moja. Alafu wewe ndo unyamaze, hata mkifika Kongowea hajajibu.